Tutaliandika Ikinyesha

Jumatatu, 3 Desemba 2007

Mzee Praful, mwenye duka letu la kuchapisha kadi, amenipa daftari alilolishona mwenyewe kwa karatasi za mabaki, zile zinazokatwa pembeni mwa kadi za harusi. Kurasa hazilingani. Moja ni pana kama sahani, nyingine ni kama tiketi ya basi. "Mama Lynn, kila siku unaongea peke yako hapo kwa mashine," alisema. "Andika basi, duka lipate kimya." Haya Mzee, naandika.

Jumatano, 5 Desemba

Jua. Vumbi. Kalenda za makanisa mpaka vidole vimeota sugu.

Jumamosi, 8 Desemba

Jumamosi ndiyo siku yangu. Saa saba tunafunga, Mzee anaenda kula kwake, na Chepkemboi anavuka barabara na thermos yake ya chai. Anauza dawa za mifugo duka la ng'ambo. Alisomea kompyuta chuoni akaishia kuuza dawa ya kupe, na hachoki kunikumbusha. Tunaishi ploti moja, mimi mlango wa pili, yeye chumba cha kona.

Kamusi yetu ilianzia kwa ndama. Nyanya mmoja kutoka Bahati aliingia kwa Chep akitaka dawa ya ndama wake, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba maji tu. Chep akaniita nimtafsirie Kikuyu chake. Wiki hiyo hiyo mzee wa Olenguruone akaja kwetu kuchapisha kadi ya mazishi, nami sikumwelewa hata kidogo, nikamwita Chep. Tukasema, sisi wawili tutaitwa mpaka lini? Si tuandike kitabu kidogo cha soko: Kiswahili, Kikuyu, Kikalenjin.

Tunaandika kwenye mashine ya chumba cha nyuma. Jaydeep, kijana wa Mzee, aliweka humo mfumo wa Linux kabla hajaenda kusoma ng'ambo. Haina mouse, haina picha. Skrini nyeusi, maandishi meupe, na kihariri kinachoitwa Vim ambacho mwanzoni kilinitoa machozi. Mimi ni mtu wa taipureta, ukigonga herufi inatokea herufi. Kwa Vim unagonga herufi na mstari mzima unapotea!

Lakini Chep alinionyesha kitu kimoja nikaacha kulalamika. Anakiita kikao. Ukimaliza kazi ukafunga, mashine inaandika kila mtu alikuwa amekaa wapi: faili gani zilikuwa wazi, dirisha gani upande gani, kishale kilisimama kwenye neno gani. Jumamosi inayofuata unaandika amri moja, na kikao chote kinarudi. Langu kushoto, Kiswahili na Kikuyu. Lake kulia, Kikalenjin. Hata chai ingerudi ikiwa moto ningesadiki.

Faili zetu tumezitenga. Ndani ya folda kubwa inayoitwa home, Chep alifungua mbili: home/mamalynn na home/chep. "Kila mtu na nyumba yake," alisema. "Sitaki ugomvi wa sufuria."

Jumanne, 11 Desemba

Mwanangu Lynn amefunga shule. Namba tisa darasani.

Jumamosi, 22 Desemba

Leo tumefika maneno ya M. Maji, maziwa, mbolea, mboga. Kwa maziwa nikaandika iria, Chep akaandika chego, kisha akanisomea mahubiri kuhusu mursik, maziwa yao ya kugandisha kibuyuni, kwamba Wakikuyu hatujui maziwa, tunajua chai tu. Nikamwambia heri chai kuliko maziwa yenye makaa. Tukacheka mpaka Mzee, aliyekuwa amerudi kutoka kula, akabisha mlango kuuliza kama kuna harusi.

Tukafika mvua. Mimi nikaandika mbura. Chep akasimamisha vidole.

"Hili siandiki."

"Kwa nini?"

"Angalia nje. Jua lote hili! Ukiita mvua wakati haiko, itakasirika. Tutaliandika ikinyesha."

"Na wewe umesomea kompyuta!"

"Nimesoma, lakini kwetu ni wakulima."

Akakiacha kishale pale pale kwenye mstari mtupu, akafunga. Kesho anasafiri Bomet, kura yake iko nyumbani. Ameniachia ufunguo wa chumba na kibuyu chake cha mursik. Nikamwambia atarudi akute nimepikia githeri, mahindi na maharagwe yetu, ndani yake. Akanipiga na kitambaa.

Jumapili, 30 Desemba

Wametangaza matokeo ya kura. Nje ni kelele, na upande wa Menengai kuna moshi. Lynn ameingia chini ya kitanda, na nimemwacha.

Jumatano, 2 Januari 2008

Simu ya Chep siipati. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Yule mwanamke wa kwenye simu hajanikosea chochote lakini leo nimemtukana.

Ijumaa, 4 Januari

Hapatikani.

Jumamosi, 5 Januari

Hapatikani. Nilienda dukani nikakaa chumba cha nyuma. Sikuwasha mashine.

Jumamosi, 12 Januari

Tata amefika, shangazi yangu, dada ya baba, kutoka upande wa Elburgon. Amekuja juu ya lori la mbao na godoro lililoungua kona moja. Nyumba imeisha. Ng'ombe hajui waliko. Hakulia. Aliomba sindano na uzi akaanza kushona godoro.

Kwenye meza yangu aliona jalada la kamusi nililokuwa nimelichora. Hajui kusoma sana lakini jina la Kikalenjin alilijua. "Bado unaandika maneno yao?" aliniuliza. Nikasema ni kazi ya dukani. Nimejisikia vibaya kusema hivyo, na ningejisikia vibaya pia kusema kitu kingine.

Jumanne, 29 Januari

Leo ndiyo nimepata mkono wa kuandika.

Ijumaa moto ulifika Nakuru kwenyewe. Nimekaa mji huu tangu niwe msichana. Naujua ukinuka pareto asubuhi, naujua upepo wa ziwani unaoleta vumbi jeupe mpaka kwenye sukari. Sikujua unaweza kunuka vile.

Jumamosi mchana vijana waliingia kwenye ploti. Wengine nawafahamu, mmoja nilimchapia kadi ya kumaliza shule. Walipita mlango hadi mlango wakiuliza swali moja. "Hapa anakaa nani? Kwao ni wapi?" Swali ambalo tangu zamani tunalitumia kuanzia mazungumzo! Unamuuliza mtu kwao ni wapi, anakwambia, unamwambia aah, huko kuna viazi vizuri. Sasa unauliza hivyo na panga liko mkononi.

Chumba cha kona wakakivunja. Kitanda, nguo, vyombo, vyote nje kwenye matope ya bomba. Nilitoka. Sijui nilipata wapi miguu. Nikasema hivi vitu ni vyangu, niliweka huko kwa sababu kwangu kumejaa. Yule wa kadi aliniangalia akijua naongopa. "Beba basi, mathe," alisema. Nikabeba. Lynn akabeba. Na Tata, ambaye nilidhani atageuza uso, alikuja akachukua kibuyu akakifuta na leso yake.

Jumatatu mwenye ploti akaja. Akaangalia chumba kitupu, akamwangalia Tata na godoro lake kwenye mlango wangu. "Huyu mama aingie hapo," alisema. "Yule mwingine sidhani atarudi." Ningesema nini? Tata ana miaka sabini na hana pa kulala. Nikamshukuru. Nimemshukuru mtu kwa kumpa shangazi yangu nyumba ya rafiki yangu.

Dukani pia waliingia kupitia dirisha la nyuma. Mashine ya Jaydeep iko chini, skrini imepasuka, sanduku limekanyagwa. Mzee Praful alikuwa anafagia vioo. Nilitaka kumsaidia akakataa ufagio. Kamusi yetu ilikuwa humo ndani tu, hatukuwahi kuitoa nakala. Watu wazima wawili!

Alhamisi, 7 Februari

Kadi za mazishi.

Jumatano, 20 Februari

Mzee amemleta fundi, Kabiru, kijana wa simu tatu. "Niaje mathe. Mashine imekufa, lakini diski iko poa." Ameichomoa akaiingiza kwenye mashine nyingine nzee zaidi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kama jamaa ya mgonjwa.

"Hizi mafolda za home niweke aje? Wewe unaitwa nani?"

"Mama Lynn."

"Sawa, hii ya mamalynn ni yako. Nitakupangia."

Akaenda zake kabla ya chakula. Nikaketi, nikaandika amri ya kikao, nikafumba macho. Nilipofumbua, dirisha la kushoto lilikuwa limejaa: maji, maziwa, mbolea, mboga, mvua, mbura. Dirisha la kulia tupu. Chini mashine ikaandika kwa Kiingereza chake kikavu kwamba haioni mahali panapoitwa home/chep.

Woi. Nililia kama mtoto. Hata kwa mashine!

Sikujua kama nifunge au niache. Nikaogopa kugusa chochote. Nikiwa bado nimekaa hapo, stima ikapotea, tii, giza. Nikaitukana kampuni ya stima na ukoo wake wote, Mzee akaja kuona kuna nini.

Alhamisi, 28 Februari

Wale wawili waliogombania kura wamepeana mikono. Watu walisimama nje ya duka la televisheni wamenyamaza, halafu mmoja akapiga makofi na wengine wakamfuata. Mzee alinunua maandazi ya duka zima. Tata aliuliza kama hiyo mikono itajenga nyumba.

Jumanne, 4 Machi

Mawingu, hakuna kitu. Nimepiga simu. Hapatikani.

Jumamosi, 15 Machi

Amepatikana!

Nilipiga kwa mazoea tu, kama mtu anayekuna mahali palipoacha kuwasha, na akashika. Nikapiga kelele. Yeye hakupiga.

"Sasa, Mama Lynn."

"Chep! Uko wapi? Uko mzima?"

"Niko nyumbani. Niko mzima. Laini ilipotea, nimeirudisha juzi." Sauti ilikuwa ya mtu anayehudumia mteja. "Na nyumba yangu?"

Nilikuwa nimejipanga wiki nyingi nitakavyolisema jambo hili, na mpango wote ukaniruka. Nikamwambia vile lilivyo. Walivunja. Vitu nimeviokoa, vingi. Chumba amepewa Tata, ambaye yake iliungua.

Nikadhani salio limeisha.

"Shangazi yako."

"Ndiyo."

"Sawa," alisema. "Pole yake." Na aliimaanisha, hilo ndilo lililonimaliza. Kisha: "Kamusi ufute, Mama Lynn. Hiyo yangu. Itakuwa ya nani sasa?"

"Siwezi kufuta, hata haionekani. Nikifungua kikao, upande wangu unakuja, upande wako mtupu. Mashine inasema haioni home/chep."

"Inasema nini?"

"Kwamba home/chep haiko."

Nikasikia sauti. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia. "Hata mashine imejua," alisema. Nilingoja. Nilipangusa skrini ya simu kwa sketi kana kwamba itasaidia.

Aliporudi alikuwa Chep wa dawa ya kupe. "Ngoja. Ulipoona dirisha tupu, ulifunga kikao? Ulifunga vizuri, kama nilivyokufundisha?"

"Stima ilipotea."

"Ikapotea kabla hujafunga?"

"Ndiyo, washenzi hao."

"Mama Lynn, waombee hao watu! Ungefunga vizuri, mashine ingeandika kikao upya na ule utupu wake, na pale tulipoishia pangepotea. Usiifungue tena. Nakili kikao kwanza. Na umtafute huyo fundi, faili yangu ameiweka mahali."

Salio likaisha.

Jumatatu, 17 Machi

Kabiru ameipata kwa dakika moja. Siku ile hakujua chep ni nani, kwa hivyo akaisukuma kwenye folda aliyoiita zamani, kando ya risiti za miaka iliyopita. Zamani! Nilitaka kumchapa.

"Si noma, mathe. Kikao kinatafuta nyumba ambayo haiko. Nitakiambia jina mpya, pale pote imeandikwa chep niweke zamani. Itafunguka saa hii."

Kazi ya sekunde, na ingekubali. Vidole vyake vilikuwa tayari.

"Acha," nikasema.

"Mathe, ni the same thing."

"Si the same thing. Usimpeleke yeye zamani. Mrudishie home yake palipokuwa, uiweke faili ndani."

"Kufungua nyumba ndani ya home kunataka password ya mwenye mashine."

Tukamwita Mzee. Alisikiliza akiwa amesimama, miwani kwenye paji la uso. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. "Baba yangu alifukuzwa Kampala na sanduku moja," alisema. "Geukeni." Tukageuka wote wawili kutazama ukuta, akaandika kwa kidole kimoja.

Sikukifungua kikao. Nimekinakili tu, nikamtumia Chep ujumbe: Nyumba yako iko. Ile nyingine nimeshindwa, lakini hii iko.

Hakujibu.

Ijumaa, 21 Machi

Ijumaa Kuu. Hakujibu.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua imeanza! Ilishuka kutoka Bahati kama watu wanakimbia juu ya mabati. Tata alitoka nje akasimama ndani yake na leso kichwani, akaniambia kwao sasa ni wakati wa kupanda viazi. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema "kwetu" bila hasira.

Chumba cha kona kina msumari juu ya mlango, na kwenye msumari kibuyu cha Chep. Tata anakipangusa vumbi kila asubuhi. Nilimuuliza kwa nini asikiweke chini ya kitanda. "Cha mwenyewe," alisema. "Akija akione."

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Saa saba tulikuwa tunafunga. Mtu akabisha mlango wa nyuma, ule ambao wateja hawaujui. Nikajua.

Amekonda. Ameshika thermos ile ile. Tulikumbatiana pale mlangoni mpaka tukalowa, na Mzee akapita na mwavuli akajifanya anatafuta funguo.

"Nimekuja kuchukua vitu vyangu," alisema. "Sirudi kukaa, Mama Lynn. Nimepata kazi Bomet, duka la dawa hizo hizo. Nisikudanganye."

Nilikuwa nimemwombea arudi. Nikasema sawa, lakini machozi hayakusema sawa.

Asubuhi alikuwa amepitia kwenye ploti kwanza. Tata alimkaribisha chumbani kwake, chumba chake yeye Chep, akamkalisha kwenye stuli, akampa chai. Hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiswahili kidogo cha Tata. "Alinionyesha kibuyu," Chep alisema. "Akaniambia, hiki mimi hapana tumia." Akachezea kifuniko cha thermos. "Nilikuja nikiwa na maneno mengi ya kumwambia. Nikanywa chai."

Tukaketi mahali petu, yeye kulia. Akaandika amri ya kikao. Nilishika ukingo wa meza.

Madirisha yote mawili yakajaa. Kushoto, mvua, mbura. Kulia, chini ya chego na mengine yake yote, mstari mtupu, na kishale kikipepesa mahali alipokiacha Desemba. Kwa mvua juu ya mabati hatukuweza kusikilizana.

"Sasa inanyesha," nikapiga kelele.

Akaandika: robta.

Tukakaa tukiliangalia. Halafu tukafanya mwaka, mwewe, mwizi, na kwa mwizi tulibishana kama zamani. Mzee akampa CD ya Linux ya Jaydeep, kwa ajili ya kompyuta ya binamu yake Bomet. Tukanakili vyote kwenye flash disk, lake na langu na kikao. Jioni nikamsindikiza stendi na kitanda chake kilichofungwa kamba. Kibuyu alikishika mkononi njia nzima.

Jumatano, 16 Aprili

Kadi za harusi. Za kwanza mwaka huu. Mzee alichagua wino mwekundu mwenyewe.

Jumamosi, 19 Aprili

Saa saba. Mvua. Nimejitilia chai katika kikombe kimoja, nimefungua kikao, nikakaa upande wangu. Upande wake nimeuacha ulivyo. Nilikuwa nasema moyoni kwamba ndivyo itakavyokuwa sasa, Jumamosi za kuangalia dirisha la mtu.

Simu ikalia. Ujumbe wa Chep. Nauandika wote hapa, kwa sababu simu yangu hufuta ujumbe ikijaa.

"Mama Lynn nimeweka Linux. Nimefungua kikao, dirisha la kulia sawa, la kushoto tupu. Nikashangaa. Kumbe mashine inakutafuta, haina home/mamalynn huku. Nimekujengea. Sasa uko na nyumba Bomet. Hapa pia inanyesha. Neno linalofuata ni lako, andika."